Mikono Arobaini ya Ujazo

Naanza kwa kula kiapo, kwa sababu nawajua watu wa Kibiti. Haya yote ni kweli tupu. Chumvi sijaongeza, na mtu akiionja humu basi ajue ni ile iliyokuwamo tangu awali katika visima vya Kiongoroni. Anayebisha aniletee hoja yake kwa maandishi, nakala tatu, nami nitamjibu katika siku tisini za kazi, ingawa nimekwisha kustaafu.

Sasa tangazo. Mwaka 1993, katika sehemu zetu hizi za Rufiji, tatizo la ujazo lilimalizwa rasmi.

Kabla ya hapo watu walikuwa wakijaza vitu ovyo. Mtu anajaza mtungi, anajaza gunia, anajaza mtumbwi, hana kibali wala mwongozo. Soko huria lilikuwa limeshafika, kila mwenye baiskeli na mzani mbovu anajiita mfanyabiashara, na wakubwa wakaona hali hii haifai kuachwa hivi hivi. Ndipo ikaundwa Kamati ya Ujazo Shirikishi, makao yake Kibiti, katika chumba kimoja na nusu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ile nusu ndiyo ilikuwa ofisi yangu.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mudathiri, mtu wa sauti nzito na miwani ya kusomea ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Mimi, Mfaume, nilikuwa Mtaalamu wa Vizio. Shule niliacha darasa la nne, lakini hesabu nilijifunza mwenyewe kutoka nyuma ya daftari. Mnakumbuka madaftari ya zamani? Jalada la nyuma lilikuwa limechapwa majedwali yote ya dunia: milimita kumi ni sentimita moja, sentimita mia ni mita moja, mita elfu ni kilomita. Niliyakariri yote mpaka mwisho wa jalada. Yale ambayo hayakuchapwa pale niliyahesabu kuwa hayana umuhimu kwa taifa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa tangi la maji la Kiongoroni.

Kiongoroni iko mbali, huko delta inakokaribia kuwa bahari. Maji yamezunguka kila upande, na ya kunywa hakuna. Ukichimba kisima unapata maji ya kupikia kamba, si ya chai. Wakati wa masika watu wanakinga mvua kwa masufuria na wanastarehe. Kiangazi kikiingia, wanawake wanapanda mitumbwi na madebe yao, wanapanda mto na maji kujaa hadi kule kwenye maji matamu, wanachota, kisha wanangoja maji yapwe ndiyo warudi. Safari moja inakula siku nzima, na humo njiani wamo viboko ambao hawajui habari za maendeleo.

Mradi mmoja kutoka Dar ukasema: tutawapa saruji, tutawapa bati la kukingia maji ya paa la msikiti, jengeni tangi la lita elfu ishirini. Mjumbe wa wanawake pale kijijini, Bi Mwanabibi, akapiga hesabu yake palepale mbele yetu. Yeye alikuwa na kigenge cha kuuza mafuta ya taa na sabuni ya kukata, mama wa makamo, mwembamba, na jicho lake moja likikutazama unajisikia umepungukiwa uzito.

"Debe ni lita ishirini," alisema. "Lita elfu ishirini ni madebe elfu moja. Kijiji chetu kwa kunywa na kupikia tu, tukibana, ni madebe kumi kwa siku. Basi hilo ni siku mia moja. Kiangazi kizima hakuna mtu kupanda mtumbwi."

Kisha akamshika bega mkwe wake Zaitun, aliyekuwa amesimama pembeni na mimba changa ambayo bado haijaonekana. "Huyu kiangazi kitamkuta mzito. Ndiyo maana nawauliza mapema, Bwana Mfaume. Ni madebe elfu moja?"

"Elfu moja, mama," nikasema. "Serikali haibahatishi."

Mchoro wa Mradi ulisema tangi liwe na urefu wa mita nne, upana wa mita mbili na nusu, na kimo cha mita mbili. Zidisha: mita ishirini za ujazo, ambazo ni lita elfu ishirini. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa, na ndiyo sababu Mheshimiwa Mudathiri hakuridhika.

"Mfaume," aliniambia, "huu mchoro una ubeberu. Mita! Nani Kiongoroni anapima kwa mita? Fundi wa delta anapima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mtumbwi anaupima hivyo, boriti anaipima hivyo. Sisi ni kamati shirikishi. Igeuze hii kazi iwe katika mikono ya wananchi."

Nikafunga mlango wa ile nusu yangu. Daftari nyuma lilisema wazi kwamba mita moja ni sentimita mia. Nikapima mkono wangu: sentimita hamsini kasoro kidogo. Ile kasoro nikaisamehe. Kwa hiyo mita moja ni mikono miwili. Na kama mita moja ni mikono miwili, mita ishirini za ujazo ni mikono ya ujazo mingapi? Mtoto wa shule angejibu. Arobaini! Nikarudia mara tatu kwa usalama, mara zote nikapata arobaini, na hesabu inayotoka vilevile mara tatu haina haja ya kuulizwa zaidi.

Nikaandika: urefu mikono mitano, upana mikono minne, kimo mikono miwili. Tano mara nne mara mbili, arobaini. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, Mheshimiwa akagonga wa kwake juu ya wangu.

Fundi alikuwa Haidari, bingwa wa mitumbwi ambaye tulimpa zege kama sehemu ya kupanua ajira. Aliangalia karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Bwana Mfaume, mikono miwili kwenda juu?"

"Miwili."

"Mbuzi atachungulia."

"Mbuzi si mdau," nikamjibu.

Akajenga kwa siku sita. Saruji nyingi ilibaki, jambo ambalo lilionyesha ufanisi wa Kamati, na Mheshimiwa akaagiza irudishwe Kibiti kwa hifadhi.

Nilipokwenda kulikagua, mbuzi mmoja mweupe alikuwa amesimama kando yake anachungulia ndani, bila hata kunyanyua miguu ya mbele. Wanawake walikuwa wamelizunguka kama watu waliofika msibani na hawajamjua marehemu ni nani.

"Bwana Mfaume," akasema Bi Mwanabibi, "hili ni la kunawia miguu kabla ya kuingia kwenye tangi lenyewe?"

"Mama, hili ndilo."

"Madebe elfu moja humu?"

"Jicho hudanganya, mama. Ujazo ni suala la kitaalamu. Uko ndani, hauonekani kwa nje."

Akanitazama kwa lile jicho. Hakubisha. Alisema tu, "Haya. Tutachota tuone," na hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote ambacho raia anaweza kumwambia ofisa.

Masika ikaja, tangi likajaa kwa mvua mbili, ya Jumanne na ya Alhamisi, kisha likamwaga mwezi na nusu mfululizo mpaka vibanda vya jirani vikaanza kulalamikia mafuriko. Tuliliandika katika ripoti kama tangi lililovuka lengo.

Kiangazi kikaingia. Bi Mwanabibi aliweka kufuli kwenye mfuniko na kikapu kando. Debe moja likichotwa, ganda moja la kombe la pwani linatiwa kikapuni. Madebe kumi kwa siku, makombe kumi kwa siku. Siku ya ishirini na tano, debe la mwisho lilitoka na matope na chura mmoja.

Siku ya ishirini na saba alikuwa Kibiti, mlangoni pa nusu yangu, na kikapu kichwani.

"Shikamoo, mama," nikasema nikisimama.

"Marahaba. Hesabu." Akamwaga makombe yote juu ya meza, mengine yakaanguka kwenye faili la Mapokezi.

Nikahesabu. Mashine ya kukoboa nayo ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo nilihesabu mara mbili. Mia mbili na hamsini.

"Sasa, mwanangu," akasema, "wapi mia saba na hamsini?"

Nikamweleza kitaalamu. Nikamwonyesha karatasi: mita moja, mikono miwili, mita ishirini, mikono arobaini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ncha ya khanga, akatoa kipande cha sabuni, kimekatwa sawasawa pande zote kama dadu kubwa, na kisu.

"Mimi nauza sabuni," akasema. "Hiki kipande urefu wake ni mmoja, sawa? Tuseme huo mmoja ndiyo mita yako. Nakata urefu katikati." Akakata. "Sasa urefu ni nusu mbili. Hiyo mikono yako miwili. Lakini hivi vipande ni virefu, upana bado ni mita. Nakata upana katikati." Akakata. "Bado kimo." Akakata tena, akavitandaza mbele yangu. "Hesabu."

Vilikuwa vinane.

"Mita yako moja ya ujazo ni mikono minane ya ujazo, mwanangu, si miwili. Ishirini mara nane ni mia moja na sitini. Wewe umejenga arobaini. Umetupa robo."

Sitaficha: nilivihesabu mara ya pili, vikawa vinane vilevile. Lakini utumishi ni utumishi.

"Mama," nikamwambia, "hiyo ni sabuni. Sisi hapa tunazungumzia zege."

Alikusanya vipande vyake vinane, maana sabuni ni biashara, akavifunga kwenye khanga. "Zaitun ana miezi saba," akasema. "Juzi kiboko kaegemea mtumbwi wao. Haya, kaeni salama." Makombe aliniachia.

Mheshimiwa Mudathiri aliitisha kikao cha dharura, ambacho kilikaa siku nne kwa sababu posho ilikuwa ya siku nne. Kamati ilipitia ushahidi wote. Ilibainika kwamba tangi halina kosa, kwa kuwa lina mihuri miwili. Ilibainika pia kwamba maji hayana kosa, kwa kuwa yalifuata mvuto wa dunia. Kilichobaki ni debe.

"Lita ishirini!" alisema Mheshimiwa, akipiga meza. "Nani aliamua debe liwe lita ishirini? Hilo ni debe la uchumi hodhi, ndugu wajumbe! Enzi za kupanga foleni ya sukari! Leo ni soko huria, na debe nalo lazima liwe huru."

"Huru kiasi gani, Mheshimiwa?" mimi kama mtaalamu nikauliza.

"Tangi linachukua lita ngapi hasa?"

"Elfu tano, Mheshimiwa."

"Na tuliahidi madebe mangapi?"

"Elfu moja."

"Gawanya."

Nikagawanya. Ilitoka tano bila baki, na wajumbe wawili wakapiga makofi. Tukatafuta chombo cha lita tano, tukapata kopo la rangi lililobaki baada ya kuandika jina la Mheshimiwa kwenye tangi. Tukalisugua kwa petroli, tukaliandika ubavuni DEBE RASMI, na Waraka Namba Saba wa Ujazo ukatoka: kuanzia tarehe hiyo, katika shughuli zote zinazoihusu Kamati, debe ni lita tano. Nakala moja na kopo moja vikapelekwa Kiongoroni kwa boti. Kwa mujibu wa waraka ule, kijiji kilikuwa na madebe elfu moja, na kilikuwa nayo tangu mwanzo.

Mjumbe aliyepeleka alirudi akasema Bi Mwanabibi aliusoma waraka mara mbili, akauliza kama kweli unahusu shughuli zote, akaambiwa zote, akasema, "Basi ahsanteni sana." Mheshimiwa alifurahi. "Unaona, Mfaume? Wananchi wakielimishwa wanaelewa."

Majuma matatu baadaye barua ikaja kutoka Dar. Bwana mkubwa wa Mradi anakuja mwenyewe kulizindua tangi, na akiridhika, Kamati itapewa matangi mengine tisa ya kujenga. Tisa! Mheshimiwa hakulala. Tuliamua tangi lijazwe usiku wa kuamkia sherehe kwa maji ya chumvi, kwa kuwa uzinduzi hauhusiani na kunywa. Kisha tukaandikia kijiji barua ya uchangiaji: kutakuwa na wageni na wananchi wapatao mia mbili na arobaini, kijiji kiandae madebe manne ya mchele na madebe mawili ya kamba.

Siku yenyewe Mgeni Rasmi alitoka Dar alfajiri. Barabara ilikuwa ile mnayoijua. Nyamisati, kwenye gati, akapanda boti, boti ikakwama kwenye fungu la mchanga kwa muda wa saa mbili, akafika Kiongoroni saa nane mchana, mtu mnene, mpole, wa suruali iliyolowa mpaka magotini, na tumbo lake likinguruma hata waliokaa safu ya tatu walilisikia. Ngoma zikapigwa. Mheshimiwa akasoma risala ya kurasa kumi na moja. Katika ukurasa wa tisa Mgeni Rasmi alianza kutazama upande wa jiko.

Chakula kikaja. Sinia la meza kuu lilibebwa na akina mama wawili kwa heshima zote, limefunikwa kawa jipya. Kawa likafunuliwa.

Wali ulikuwa umetandazwa juu ya sinia kama rangi ya mkono wa kwanza, chuma kinaonekana chini yake. Juu walilala kamba watano. Sisi tuliozunguka sinia tulikuwa saba.

Mgeni Rasmi aliliinamia sinia. "Mwenyekiti," akanong'ona, "hiki ni kionjo?"

Mheshimiwa alinyanyuka, miwani imemteremka puani. "Bi Mwanabibi! Hebu njoo hapa! Barua ilisema nini?"

Bi Mwanabibi akaja, anafuta mikono kwa khanga. "Madebe manne ya mchele na mawili ya kamba, Mheshimiwa."

"Na hiki nini?"

"Madebe manne ya mchele na mawili ya kamba. Tumepima mbele ya mashahidi. Zaitun! Lete debe."

Zaitun akaja polepole, tumbo mbele, kopo la rangi mkononi. Akaliweka juu ya meza, maandishi yakimwelekea Mgeni Rasmi.

"Debe rasmi," akasoma Mgeni Rasmi. Akaliinua, akalichungulia ndani. "Hili ni kopo la rangi."

"Ndiyo, baba," akasema Bi Mwanabibi. "Waraka Namba Saba. Lile kubwa tumeambiwa ni la uchumi hodhi."

Mgeni Rasmi akamgeukia Mheshimiwa. Mtu mwenye njaa ana namna yake ya kuuliza swali, halina salamu. "Mwenyekiti, debe ni lita ngapi?"

Nilimwona Mheshimiwa akiingia mtegoni na kutoka mara kadhaa. Akisema tano, basi chakula kimetimia na bwana mkubwa amekula alichoandaliwa. Akisema ishirini, kuna tangi pale nyuma lenye jina lake. Alitazama tangi. Alitazama wale kamba watano. Mgeni Rasmi tumbo likanguruma, refu, kama radi ya mbali, na hapo Mheshimiwa akavunjika.

"Ishirini!" akapiga kelele. "Debe ni lita ishirini tangu mimi sijazaliwa! Hawa akina mama wametuhujumu!"

Uwanja wote ukamgeukia. Hata wapiga ngoma.

"Ishirini," akarudia Bi Mwanabibi, taratibu, kama mtu anayepokea amana. "Nyote mmesikia. Basi, baba mgeni, hilo tangi lako linaingia madebe mia mbili na hamsini, na mliahidi elfu moja. Na ukionja maji yaliyomo sasa hivi utayatema."

Mgeni Rasmi aliondoka mezani, akachovya kidole tangini, akatia mdomoni, akatema. Kisha akasimama kando ya ukuta ule akagundua kwamba unamfika kiunoni, na kwamba upande wa pili kuna mbuzi anayemtazama.

"Nilileta saruji ya mita ishirini za ujazo," akasema. "Iliyobaki iko wapi?"

Wajumbe wa Kamati wakamtazama mbuzi. Haidari, ambaye ni fundi na hajui siasa, akadhani swali ni la ufundi.

"Iko barazani kwa Mheshimiwa, bwana mkubwa. Nilimwaga mwenyewe. Imeshika vizuri sana, haina ufa hata mmoja."

Mheshimiwa hakubabaika. Viongozi wa kweli hawababaiki. Alinyoosha kidole kwa utulivu mkubwa, nami nikakifuata kwa macho kuona kinaelekea wapi, kikaishia kifuani kwangu. "Mtaalamu ndiye aliyegeuza vizio," akasema.

Karatasi yangu ikaletwa. Mgeni Rasmi akaisoma: mita moja mikono miwili, mita ishirini mikono arobaini. Akaisoma tena. "Nani amekufundisha ujazo?"

"Daftari, bwana. Upande wa nyuma."

Huwa nasema watu wa Dar ni wakali, lakini yule bwana hakupandisha sauti. Alimwuliza Bi Mwanabibi anataka nini. Bi Mwanabibi akasema, "Nataka nilichoahidiwa. Madebe elfu moja, ya maji matamu, kiangazi hiki. Nimekwisha kupata mia mbili na hamsini. Yamebaki mia saba na hamsini. Nani atayaleta mimi sijali, ila mkwe wangu hapandi tena mtumbwi."

Hukumu ikawa fupi. Mheshimiwa atarudisha saruji yote, mfuko kwa mfuko, na Haidari atajenga matangi mengine matatu kama lile, yawe manne kabla ya masika. Matangi tisa ya Kamati yakafutwa. Na madebe mia saba na hamsini ya maji yaliyopungua yataletwa na waliotia mihuri, kwa mtumbwi, kwa debe la lita ishirini.

Tangi likamwagwa maji yake ya chumvi, likasuuzwa. Mtumbwi tuliopewa ulichukua madebe kumi na tano. Mia saba na hamsini gawanya kwa kumi na tano: safari hamsini. Hiyo niliipata bila daftari.

Safari ya kwanza Mheshimiwa alikaa mbele na miwani yake, mimi nyuma na kasia. Alitoa mwongozo njia nzima. Safari ya pili alishika kasia, akalishika upande usio. Safari ya tatu kiboko aliibuka umbali wa hatua kumi, akatutazama na kupiga mwayo, na kesho yake Mheshimiwa akaleta cheti kwamba mgongo wake haulingani na maji. Akabaki Kibiti, kwenye nyumba isiyo na baraza tena, maana walipokuja kuchukua mifuko hawakukuta mifuko, wakavunja sakafu wakapima vipande. Zikabaki safari arobaini na saba, zote za kwangu.

Zaitun alijifungua salama kabla sijafika debe la mia tatu. Siku ile akina mama walinipa chai, ya maji niliyoleta mwenyewe. Ilikuwa tamu, sina cha kusema.

Sasa nifike mwisho, ambao ningeuruka, ila niliapa.

Kila safari Bi Mwanabibi alikuwa ananisubiri gatini. Nateremsha madebe, anayamimina tangini moja moja, kisha ananipa kipande cha mkaa nami naandika jumla kwenye ukuta wa tangi, chini ya jina la Mheshimiwa. Safari ya thelathini na tatu niliandika 495. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge, kisha malengelenge ya pili juu ya yale ya kwanza. Safari ya thelathini na nne, kule kwenye maji matamu, nilifikiri kwa kina kama mtaalamu. Madebe kumi na mawili niliyajaza mpaka juu. Matatu ya nyuma kabisa niliyajaza nusu, nikayafunika na majani ya mnazi ili maji yasimwagike njiani.

Akamimina kumi na mawili. Akafika kwa la kumi na tatu, akalinyanyua, na mkono wake ukapanda haraka kuliko alivyotegemea. Akalitua. Hakunitazama. Akanyanyua la kumi na nne, akalitua. La kumi na tano vilevile. Akachukua la kumi na nne akalimimina ndani ya la kumi na tatu, taratibu, bila kupoteza tone. Likajaa. Akalimwaga tangini. Akafuatisha na ile nusu iliyobaki. Akanipa mkaa.

"Andika, Mtaalamu."

Nilisimama mbele ya ukuta ule. Nilitamani sana kuandika 510. Wanawake walikuwa wameshakusanyika, na Haidari alikuwa juu ya jukwaa la tangi la pili, mwiko mkononi, anasubiri naye.

Nikaandika 508½.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu ya kwanza ya ujazo kutoka sahihi tangu niajiriwe. Bi Mwanabibi akaitazama, akatikisa kichwa kukubali, akanitupia yale madebe matatu mtumbwini.

"Maji yanajaa," akasema. "Wahi."